Zulia juu ya zulia: linahama, linajikunja, linanuka. Tafuta chanzo chini

Mpangaji anahamia fleti na kukuta zulia la ukuta hadi ukuta limeshatandazwa, la kijivu au la rangi ya udongo, na mkataba haumruhusu kuling'oa. Kwa waliopanga London au Minneapolis hiyo ni hali ya kawaida. Anatafuta zulia zuri la futi 5 kwa 8, la manyoya au la nakshi, analitandika juu, na sebule inapendeza. Kwenye majlisi za Oman na nchi za Ghuba wamefanya hivyo miaka mingi: moketi chini, zulia la Kiajemi juu, mito pembeni. Haliharibiki neno siku ya kwanza. Malalamiko huanza baada ya wiki mbili tatu, na karibu yote yanafanana.

Zulia la juu ndilo linalolaumiwa, kwa sababu ndilo lililolipiwa na ndilo linaloonekana. Lakini mara nyingi kasoro iko chini yake: kwenye manyoya ya zulia la chini, kwenye sponji iliyo chini ya hayo, au kwenye sakafu yenyewe. Kwa hiyo kabla hujanunua gundi, dawa au zulia jingine, funua. Kunja la juu hadi nusu, piga magoti, pitisha kiganja kwenye la chini, likandamize, linuse. Halafu ndipo usome dalili yako hapa chini.

Sehemu moja ya zulia ina joto

Naanza na hili ingawa si wengi wanaolileta, kwa kuwa halisubiri.

Chanzo kinachoongoza ni waya wa ekstensheni uliopitishwa chini ya zulia ili usionekane. Waya hupoza joto lake kwenye hewa. Ukiufunika kwa zulia moja joto linabaki, ukiufunika kwa mawili linabaki zaidi, na kila anayepita anaukanyaga mpaka ganda lake lichubuke. Ukihisi joto, harufu ya plastiki inayoungua, au ukiona doa la kahawia kwenye mgongo wa zulia, zima swichi ya ukutani, chomoa, kisha funua. Usianze kwa kufunua. Waya uliochubuka haufungwi selotepu ukarudishwa palepale, unatupwa. Kama joto lipo na hakuna waya wako pale, au soketi ya ukutani nayo ina moto, zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme. Usiendelee kupapasa.

Kwa walio Ulaya kuna chanzo kingine kisicho cha hatari: sakafu yenye mabomba ya maji moto. Hapo zulia la juu linazuia joto kupanda, chumba kinabaki baridi huku mtambo ukifanya kazi bure. Uingereza ushauri wa kawaida ni kwamba zulia na sponji yake kwa jumla visizidi togi 2.5 (togi ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia joto), na zulia la pili nene linavuka kiwango hicho upesi. Kama sakafu inatumia nyaya za umeme badala ya maji, soma maelekezo ya mtambo kabla hujatandika chochote juu.

Linahama

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Unaliweka sawa Jumamosi, Ijumaa limeshafika chini ya kabati la tivii.

Sababu ya kwanza, na ndiyo yenye kesi nyingi, ni ulalo wa manyoya ya zulia la chini. Manyoya hayasimami wima. Yamelalia upande mmoja tangu kiwandani. Pitisha kiganja: upande mmoja mkono unateleza na rangi inang'aa, ukirudi upande wa pili mkono unakwama na rangi inakolea. Kila hatua ya mtu inayakandamiza yalalie upande wake uleule, na zulia la juu linabebwa nayo kidogo kidogo. Ndiyo maana halihami ovyo. Linakwenda upande mmoja, siku zote.

Kuthibitisha, bandika kipande cha selotepu ya karatasi kwenye zulia la chini, sawa na kona mbili za la juu. Angalia baada ya siku chache. Kona zote zikiwa zimesogea upande mmoja, ni ulalo. Zulia likiwa limezunguka, kona moja mbele nyingine nyuma, basi ni mapito: watu wanaingia mlangoni na kukata kona, au watoto wanakimbia.

Dawa ya kwanza haina gharama. Pandisha miguu ya mbele ya makochi juu ya zulia, sentimita 20 hivi kutoka ukingoni, na iwe pande mbili zinazokabiliana, si upande mmoja tu. Zulia lililobanwa upande mmoja bado litatembea, ila sasa litatembea huku linajikunja. Kama ni mapito, geuza zulia ili ukingo wake mrefu uende sambamba na njia ya watu badala ya kuikata.

Sababu ya pili ni kinga ya kuteleza isiyo yake. Ule wavu wa mpira wenye vitundu umetengenezwa kwa vigae na mbao; unashika kwa kunata kwenye kitu laini. Juu ya manyoya hauna cha kushika, na mara nyingi unajikusanya wenyewe kuwa uvimbe katikati. Kwa zulia juu ya zulia tafuta kitambaa kigumu cha feltu (nyuzi zilizoshindiliwa bila kufumwa) chenye kunata, kilichoandikwa wazi kuwa ni cha kutumika juu ya zulia. Kikate kiwe kidogo kuliko zulia kwa sentimita 2 au 3 kila upande, vinginevyo kitachungulia na kukusanya vumbi.

Sababu ya tatu ni uzito. Kilimu chepesi (zulia lililofumwa bila manyoya) au mswala mwembamba hautulii juu ya manyoya marefu hata ufanyeje. Kila ukisujudu unakusanyika magotini. Mswala ulioshonewa sponji ndani hukaa vizuri zaidi, na ndio ushauri pekee ninaoweza kuutoa kwa moyo mweupe.

Utepe wa kunata pande mbili uje mwisho. Ujaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango, uache siku tatu, kisha ubandue taratibu. Ukitoka na manyoya, basi umeokoa amana yako ya pango. Usiubandike kwenye zulia lililofumwa kwa mkono. Na misumari hapana, hata ile midogo: huoni kilicho chini ya sponji, na panaweza kuwa na bomba au waya.

Mawimbi na mikunjo katikati

Swali la kwanza: zulia lipi lina mawimbi? Ondoa la juu kabisa. Kama la chini limelala sawasawa, shida ni ya la juu na utaimaliza mwenyewe.

Zulia jipya huja limeviringishwa, na mgongo wake unakumbuka ule mviringo. Liviringishe kinyume, mgongo ukiwa ndani, uliache saa chache, kisha litandaze na uweke vitu vizito kwenye mistari ya mikunjo. Jua la asubuhi linalainisha haraka mgongo wa mazulia ya viwandani. Pasi usiguse. Mazulia mengi ya bei nafuu ni ya polipropilini, na nyuzi hizo huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu. Pasi iliyowekwa kwa nguo za pamba inapita hapo. Matokeo yake ni alama ya pasi, inayong'aa na ngumu, katikati ya sebule. Angalia lebo nyuma: ikiandikwa PP au polypropylene, moto wowote ni marufuku.

Kama zulia si jipya, tazama makochi. Mtu amesukuma kochi badala ya kulinyanyua, zulia likavutwa nalo na kubanwa lilivyo. Nyanyueni kochi watu wawili, lipigeni zulia sawa kutoka katikati kwenda nje, rudisheni.

Sasa, kama mawimbi yako kwenye zulia la chini, hadithi ni nyingine. Zulia la ukuta hadi ukuta huvutwa likakaza na kunasishwa kwenye vibao vyenye ncha za misumari kando ya kuta. Miaka ikipita, au likioshwa kwa maji mengi, linalegea. Libane katikati kwa vidole na uvute juu: likija kama ngozi ya shingo ya mtoto wa mbwa, limelegea. Kufunika mawimbi hayo kwa zulia la pili kunayaficha machoni tu. Miguu itaendelea kuyakuta. Hapa ni kazi ya fundi wa mazulia mwenye chombo cha kuvutia. Usikate mwenyewe ili kupunguza, maana ukikata pasipostahili hakuna kurudisha. Mpangaji apige picha na kumwarifu mwenye nyumba kwa maandishi kabla hajatandika chochote juu.

Kona zinainuka

Kwa kawaida ni mviringo wa kiwandani tu. Kunja kona kinyume, pitisha kitambaa kibichi kidogo upande wa mgongo, weka kitu kizito usiku kucha. Ikirudi kuinuka, ukingo umeshonwa kwa kuvutwa mno. Fundi cherehani mwenye mashine nzito anaweza kushonea kipande kigumu cha pembe tatu chini ya kona.

Ambapo sitaki kusikia habari ya kujaribu: kwenye ngazi, na kwenye njia ya mzee anayetembea kwa mkongojo au anayeamka usiku kwenda msalani. Hapo zulia la pili liondolewe. Pia fungua na kufunga milango yote kabla ya kusema umemaliza. Mlango uliokatwa kupita juu ya zulia moja utakwaruza mawili, na ukishanasa ukingo unauinua kila siku.

Meza inayumba, kiti kinazama

Laini juu ya laini. Zulia la chini likiwa na manyoya marefu, la juu liwe jembamba na gumu: kilimu, mkonge, juti. Zulia refu la manyoya lipate chini yake zulia fupi lililobana, la aina ya ofisini. Kinyume chake hakina dawa. Unaweza kukata kipande cha plaiwudi nyembamba ukakiweka chini ya meza ya kulia, kati ya mazulia mawili, na kinasaidia. Lakini viti vya kuvutwa huku na huko haviwezi kufurahia sehemu hiyo kamwe. Alama za mashimo zilizoachwa na miguu ya meza zinainuka kwa kipande cha barafu: kiache kiyeyuke ndani ya shimo, kausha, inua manyoya kwa kijiko.

Rangi imehama au imebadilika

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

Ukifunua ukaona umbo la zulia la juu limebaki chini yake kama kivuli, na sehemu iliyofunikwa ndiyo *iliyokolea*, hakuna kilichochujua. Ni jua lililofifisha sehemu iliyoachwa wazi. Haioshwi. Pazia na kugeuza zulia mara kwa mara ndiyo kinga.

Ukiona madoa mekundu au ya buluu chini, zulia la juu limechujua baada ya kupata maji. Hili ungelijua mapema: lowesha kitambaa cheupe, kamua, kikandamize kwenye kila rangi ya zulia kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, zulia hilo lisikae juu ya la kupangisha. Juti na mkonge navyo vikilowa huacha rangi ya kahawia, hata kama havijapakwa rangi yoyote. Doa bichi ligonge kwa kitambaa kikavu kutoka nje kuja ndani, halafu maji baridi kidogo, tena kitambaa. Usisugue, usitumie maji moto. Jiki iache kabatini: inafuta rangi ya zulia la chini, na kwenye sufu au hariri inakula nyuzi zenyewe.

La tatu ni manjano yasiyotoka, mara nyingi kwa umbo la mraba au vitundu vya wavu. Hiyo ni kemikali ya mgongo wa mpira au ya kinga ya bei rahisi iliyohamia kwenye zulia la chini. Hailegei kwa sabuni. Weka kitambaa cha feltu katikati kabla halijatokea, na kama zulia lako la juu lina mgongo wa mpira huku la chini ni jeupe, usilitandike.

Zulia la kufumwa kwa mkono lililochujua lipelekwe kwa waoshaji wa mazulia ya aina hiyo. Usijaribu kitu nyumbani, hata kile ulichoambiwa na shangazi.

Harufu ya uvundo

Hapa funua kwa mpangilio, tabaka kwa tabaka, na unuse kila moja peke yake. Mgongo wa la juu. Manyoya ya la chini. Kisha, penye kona inayoweza kuinuliwa bila kuvunja kitu, sponji.

Likinuka la juu tu, limerudishwa ndani likiwa bado bichi. Zulia linaoshwa uani kwa mpira wa maji, linaanikwa ukutani, jioni manyoya yamekauka na mwenye nyumba ana haraka. Mgongo haujakauka. Uguse kwa upande wa nje wa kiganja: ukihisi ubaridi, bado. Zulia la manyoya marefu wakati wa masika linaweza kudai siku kadhaa, na kuvu haichelewi hivyo. Kitu kilicholowa kinapaswa kukauka ndani ya saa 24 hadi 48 kabla haijaanza kuota. Lirudishe juani, mgongo ukitazama juu safari hii. Harufu nyepesi iliyobaki inyunyizie soda ya kuokea, iache usiku mmoja, fyonza kwa mashine.

Likinuka la chini, mara nyingi ni kitu kilichomwagika na kupenya: chai ya maziwa, au mkojo wa mtoto au wa paka. Zulia la juu lilipanguswa likaonekana safi, kimiminika kikatulia chini ambako hakuna hewa. Mkojo unajitambulisha kwa kurudi kila siku yenye unyevunyevu hata baada ya kuoshwa. Sabuni haitoshi, tafuta kisafishio chenye vimeng'enya, uloweshe kwa kina kile kile mkojo ulikofika, uache kifanye kazi kama kilivyoelekezwa, na zulia la juu likae nje mpaka chini pawe pakavu kabisa.

Ikinuka sponji au sakafu, maji yanatoka mahali. Kwenye nyumba za ghorofa ya chini, hasa pwani, angalia rangi ya ukuta karibu na sakafu: inabanduka? kuna unga mweupe wa chumvi? Angalia bomba la maji ya eesi (kiyoyozi) kama limeziba. Kupima sakafu ya saruji, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ufunge kingo zote kwa utepe, uache saa 24. Matone yakionekana upande wa chini, sakafu inapumua maji, na mazulia mawili juu yake ni kitanda cha kuvu.

Acha na uite mtaalamu, au mwenye nyumba, katika hali hizi: kuvu imeenea zaidi ya mita moja ya mraba, maji yalitoka chooni au kwenye mtaro, sponji imelowa chapachapa, au nyumbani kuna mwenye pumu aliyeanza kubanwa. Na usichanganye jiki na siki wala na kisafishio chenye amonia ili "kuua kabisa". Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na wewe uko chini umepiga magoti, uso juu yake.

Kuwashwa, vitundu, vipara

Kuumwa kwenye vifundo vya miguu, na nyumbani kuna paka au mbwa: viroboto. Tatizo ni kwamba wakiwa ndani ya vifuko vyao dawa haiwafikii, na wanaweza kukaa humo miezi hadi wahisi mtikisiko wa mtu anayepita. Kwa hiyo dawa ya siku moja haimalizi. Mtibu mnyama kwanza, osha zulia la juu, fyonza yote mawili kila siku kwa wiki mbili, na mfuko wa mashine utupwe nje ya nyumba kila mara.

Vipara kwenye zulia la sufu, hasa chini ya kochi ambako hakuna anayekanyaga, ni mabuu ya nondo wa nguo au ya mende wa zulia, kadudu ka milimita 2 hadi 4. Hawali polipropilini, kwa hiyo likiwa la plastiki tafuta chanzo kingine: mkwaruzo wa mguu wa kiti, au kucha za paka. Sufu lipigwe nje, lianikwe juani pande zote mbili, na chini ya makochi pafyonzwe. Vipara vikiendelea kuongezeka baada ya hapo, wanaofukiza wadudu ndio wenye kazi. Kumwaga dawa ya kunyunyiza kati ya mazulia mawili mahali watoto wachanga wanapotambaa, hapana.

Shoti ndogo ukigusa kitasa

Hii ni ya wenzetu walio kwenye baridi kavu ya Marekani na Ulaya. Mombasa huwezi kuipata hata kwa kuitafuta. Zulia la plastiki juu ya nailoni, hewa iliyokaushwa na hita, soksi za sufu. Haina madhara kwa mtu mzima mwenye afya. Bakuli la maji karibu na hita, au mashine ya kuongeza unyevu, na kubadilisha la juu liwe la pamba au juti. Viatu vya ndani vyenye soli ya mpira ndivyo vinavyoongeza, kwa hiyo tembea peku au na soksi za pamba.